Nusu msimu NBA: jina halikabi mtu (uzi wa shabiki wa Mavs mwenye kidonda)

#1
Wakuu habari za muda huu. Tumefika mapumziko ya All-Star (mechi ya nyota wa ligi), mwaka huu 2025 wanakutana San Francisco, nikaona kwa kuwa ni wiki ya kukaa bila mechi ngoja nimwage yote ya moyoni kabla ligi haijarudi. Najitaja mapema ili mtu asije akasema nimejificha: mimi ni Dallas Mavericks toka 2011, ule mwaka Dirk aliwanyoosha LeBron, Wade na Bosh 4-2 kwenye fainali. Kwahiyo mkiona naandika kwa hasira mjue zinatoka wapi. Habari ya Luka Dončić, nyota wetu waliyemuuza, nimejiapiza nitaigusa mwisho kabisa. Tuone kama nitaweza.

Hoja yangu ni moja, jina halikabi mtu. Msimu huu waliokusanya majina ndo wanaugulia, na waliokaa na vijana wao wakawalea wakawavumilia mpaka wakaiva ndo wako juu kule wanapunga mkono. Sio nadharia, fungueni msimamo muone.

Anza na Oklahoma. Mwaka 2019 Paul George kasema anataka Clippers, meneja wao Sam Presti wala hakulia, akawaambia sawa mchukueni ila nipeni yule dogo Shai, na Gallinari, na machaguo matano ya raundi ya kwanza ya drafti (ile zamu ya timu kuchagua vijana wapya). Kipindi hicho Shai ana msimu mmoja tu kwenye ligi, watu wengi macho yote yalikuwa kwa Kawhi na George huko Clippers, nani alikuwa na habari na katoto kembamba kanakocheza kama kana usingizi. Leo Shai Gilgeous-Alexander anaongoza ligi nzima kwa kufunga, Januari kawapiga Utah pointi 54, na lile chaguo moja la Clippers ndo lilizaa Jalen Williams, namba 12 drafti ya 2022, mwaka huu anaenda All-Star kwa mara ya kwanza. Paul George mwenyewe yuko Philadelphia kwa mkataba wa dola milioni 212. Philadelphia iko wapi kwenye msimamo? Basi tuendelee.

Kuna kitu cha Shai naomba mkiangalie vizuri siku mkipata mechi yake. Hakimbii. Anakuja na mpira taratibu kama mtu anayetafuta funguo gizani, anakutegea bega, wewe unarudi nyuma hatua moja kwa sababu unajua kuna watu wanakupita ukizubaa, basi ile hatua moja ndo alikuwa anaitaka, anafunga breki palepale, mwili wako unaendelea na safari yeye ameshasimama, anaruka peke yake anarusha. Na ukiwahi kurudi unamgonga, mitupo huru miwili. Watu wanalalamika sana kwamba anatafuta faulo, na kweli anatafuta, sitabisha. Ila beki ndo anaruka mwenyewe jamani, hajasukumwa.

Halafu muone na hawa wengine. Chet Holmgren alivunjika nyonga Novemba, karudi juzi tu tarehe 7 Februari. Hartenstein naye alianza msimu mkono umevunjika. Kuna wiki kadhaa Oklahoma hawakuwa na mtu mrefu wa kueleweka, Jalen Williams ndo anaruka mpira wa kuanzia mechi na majitu makubwa, na bado wanashinda. Timu nyingine ukimtoa mrefu wao mmoja inakuwa kama nyumba imetolewa nguzo. Wao wana Dort, Caruso, Cason Wallace, hao watu ukikata mpira mbele yao wameshauchukua, unabaki unaangalia mikono yako. Walishinda 15 mfululizo mpaka Cleveland wakawakatia Januari 8, 129-122. (Fainali ya NBA Cup dhidi ya Milwaukee walifungwa 97-81 katikati ya huo mfululizo ila ile mechi haihesabiwi kwenye msimu wa kawaida, kwahiyo msianze kunirekebisha.)

Sasa Cleveland. Hawa ndo wamenifundisha adabu. Mwaka jana walipotolewa na Boston 4-1 mimi nilikuwa mmoja wa waliosema vunja hii kitu. Mitchell mfupi, Garland mfupi, Mobley mrefu asiyerusha, Allen mrefu asiyerusha, wawili wawili wanakanyagana. Wao wamemuondoa kocha Bickerstaff, wakamleta Kenny Atkinson, wachezaji wale wale kabisa. Wakaanza 15-0. Kumi na tano! Mpaka Boston ndo wakawapa ya kwanza, 120-117. Mitchell kapunguziwa dakika, na wala hajanuna, Mobley saivi anapewa mpira aende mwenyewe kutoka nje, kumbe alikuwa anajua muda wote ila alikuwa hapewi. Na kichekesho ni kwamba Bickerstaff waliyemfukuza kaenda Detroit, timu iliyoshinda mechi 14 tu msimu mzima uliopita, ile iliyofungwa 28 mfululizo, na saivi Detroit wanashinda zaidi ya wanavyofungwa na Cade Cunningham ni All-Star. Kwahiyo kocha hakuwa mbovu. Na wachezaji hawakuwa wabovu. Wakati mwingine ndoa tu ndo imekwisha na kila mtu anapendeza akiwa kwingine.

Boston sina mengi. Mabingwa, wametufunga 4-1 Juni, nawaheshimu na siwapendi. Usiku wa kwanza wa msimu waliwapiga Knicks mitupo ya pointi tatu 29, wakafikia rekodi ya ligi, halafu wakakomaa kutafuta ya 30 wakakosa 13 za mwisho zote. Ile robo ya mwisho ndo Boston yenyewe, mtu anatafuta kitu ambacho hakihitaji. Wanarusha karibu 50 kwa mechi. Siku zikiingia hakuna wa kuwagusa, siku zikikataa unaona wanarusha tu kama wanatupia mawe embe, hawabadiliki. Najua mtaniambia hesabu inawabeba, tatu ni kubwa kuliko mbili. Sawa. Mimi bado naboreka.

Phoenix wana Durant, Booker na Beal, hakuna timu inayolipa mishahara mikubwa kuzidi wao. Beal mkataba wake una kipengele kwamba hahamishwi mpaka mwenyewe akubali, Januari wakamweka benchi, na kumuuza hawawezi kwa sababu hataki. Nunua gari zuri usiloweza kulitoa getini. Durant nusura aende Golden State siku za mwisho za tredi (timu kubadilishana wachezaji), ikavuma kwamba amekataa kurudi, Warriors wakamchukua Jimmy Butler ambaye Miami walishamsimamisha mara tatu mwezi mmoja. Butler kwa Curry mimi naiona itakubali. Ni mtu wa fujo ila fujo zake huwa ni za pale anapoona hathaminiwi, mwaka wa kwanza popote alipoenda ni malaika.

Philadelphia nawaachia wenye msiba wao waje waongee.

Haya. Nimefika nilikokuwa nakwepa.

Jumapili ile Februari 2 nimeamka nimeshika simu, naona jina la Shams, mwandishi wa habari za NBA, na jina la Luka na la Anthony Davis wa Lakers kwenye sentensi moja. Nikajua kadukuliwa. Sio mimi peke yangu, mpaka jamaa ilibidi aandike tena kwamba ndiyo, ni kweli. Mtu wa miaka 25. Mwaka jana kaongoza ligi kwa kufunga wastani wa 33.9, kawapiga Atlanta 73 usiku mmoja, katupeleka fainali. Kaumia misuli ya mguu siku ya Krismasi, hajarudi uwanjani, wamemuuza Lakers akiwa amekaa na majeraha yake. Na walichopata ni Davis wa miaka 31, Max Christie na chaguo moja la raundi ya kwanza la 2029. MOJA. Presti kwa Paul George alipata matano pamoja na Shai, sisi kwa Luka tumepata moja. Nico Harrison, meneja aliyefanya hiyo tredi, anasema ulinzi ndo unaleta ubingwa. Sawa mzee, halafu zikaanza kuvuja habari za uzito wa Luka, kwamba hajitunzi. Mtu akishauzwa ndo anaanza kuwa mnene.

Na msinielewe vibaya, Davis ni fundi. Mechi yake ya kwanza dhidi ya Houston kapiga 26, ribaundi 16, asisti 7, bloku 3. Nilikuwa nimekaa sebuleni nimenuna lakini mkono unaanza kulegea, nasema labda, labda huyu mzee Nico kaona kitu. Robo ya tatu akashika paja. Akatoka. Ndo hivyo mpaka leo. Lively mguu, Gafford goti, na Davis ndo alikuja kwa masharti kwamba hataki kucheza namba tano (senta), anataka awe na mrefu pembeni yake. Warefu wote watatu wako kwa daktari.

Jina halikabi mtu wakuu. Nimemaliza, matusi ruksa.

#2
Hahahaa mkuu pole sana. Mimi Lakers damu, sina cha kubishana na wewe, nimekuja kushukuru tu. Mungu awabariki Dallas na vizazi vyenu. Ile mechi na Utah uliona? Kila kiti uwanjani kimewekewa fulana ya namba 77, LeBron kamwachia Luka atajwe wa mwisho kwenye utambulisho, LEBRON, mtu mwenye miaka 40 na pete nne za ubingwa anamwambia dogo pita wewe. Ila nikukosoe kimoja. Unasema majina hayachezi halafu sisi tumechukua jina kubwa kuliko yote na tunaenda kuchukua kikombe, hapo hoja yako inasimama wapi?

#3
Mimi ndo mwenye msiba. Sixers toka enzi za Iverson. Naomba nisimulie mara moja halafu nisiulizwe tena. Kiangazi tulishangilia, Embiid MVP (mchezaji bora wa msimu) wa 2023, Maxey, Paul George, tukasema huu ndo mwaka. Tukaanza msimu 3-14, yaani ushindi 3 vipigo 14. Embiid leo yupo kesho goti, akirudi uso umegongwa, akipona uso goti. George kidole, paja, kila kitu. Tukaokota dogo Jared McCain kwenye drafti, anakiwasha kweli kweli, tukasema angalau hiki, Desemba goti, msimu umeisha. Mtoa mada unalia una timu iliyofika fainali mwaka jana. Sisi mara ya mwisho kufika fainali ya konferensi tu ilikuwa 2001. Kaa kimya kidogo mkuu kuna watu wana shida.

#4
Uzi mzuri kaka ila umeandika maneno yote hayo bila kumtaja Nikola Jokić hata mara moja, hiyo sio bahati mbaya, hiyo ni dhambi. Mtu mrefu, senta, anaenda wastani wa tripo dabo (kumi na kuendelea kwenye pointi, ribaundi na asisti) msimu mzima! Kabla ya msimu huu waliowahi kumaliza hivyo ni Oscar Robertson na Westbrook basi, na wote ni walinzi, kazi yao ni kushika mpira. Huyu analisha watu akiwa amegeukia jukwaani. Mnampigia Shai debe la MVP kwa sababu timu yake inaongoza, je ukimtoa Jokić pale Denver kinabaki nini? Desemba alifunga 56 dhidi ya Washington na bado wakafungwa 122-113, na Washington hao walikuwa wamefungwa 16 mfululizo. Hamsini na sita. Angefanya nini zaidi, akauze na tiketi?

#5
Narudi, naona nimeshashambuliwa vya kutosha.

Mkuu wa Sixers pole, nimenyamaza. Yaani kwako nimekaa msibani na viatu nimevua.

Dada hapo juu, Jokić nilimuacha makusudi kwa sababu nikimuanza simmalizi. Nakubaliana na wewe kwamba ndo mchezaji bora duniani saivi. Ila MVP ningempa Shai, na sababu yangu ni ya upande mwingine wa uwanja. Jokić akishindwa kurudi kukaba Denver wanampangia watu wa kumfunika, Shai yeye anakaba mwenyewe, anaiba mipira, anabloku walinzi wenzake. Na hiyo mechi ya Washington ndo inaniunga mkono kabisa, mtu kafunga 56 timu ikafungwa na timu mbovu kuliko zote, maana yake wenzake hawakuwepo siku hiyo. Jina moja halitoshi hata likiwa jina la Jokić. Wanategemea Westbrook aamke vizuri, na Westbrook akiamka vizuri ni burudani, akiamka vibaya anakupa mpira jukwaani mara nne robo moja. Nampenda lakini.

Sasa wewe wa Lakers. Subiri kwanza, hesabu warefu wako. Davis mmemuuza. Mkamchukua Mark Williams wa Charlotte, mkawapa Knecht na chaguo la 2031, halafu vipimo vya afya vikakataa tredi ikafutwa, Knecht anarudishwa chumba cha kubadilishia nguo kama mtu aliyeaga harusi akasahau mkoba. Mmebaki na Jaxson Hayes. Mkikutana na Jokić kwenye mtoano nani anamkaba? Luka? Nampenda Luka kuliko ninavyowapenda baadhi ya ndugu zangu lakini Luka hakabi mtu, hilo Nico hakudanganya. Kosa la Nico lilikuwa bei, na kufanya kimya kimya bila kuita timu nyingine zikapandishiana dau. Ukiuza kitu cha thamani unaita watu wengi. Yeye kaongea na rafiki yake mmoja kwenye kahawa.

Na hili sikulisema kule juu kwa sababu linaniuma tofauti. Drafti ile ile ya 2018 tuliyompata Luka, raundi ya pili namba 33 tulimchukua Jalen Brunson. 2022 akaondoka bure kwenda New York, hatukupata hata mpira wa mazoezi. Leo Brunson ni nahodha wa Knicks, All-Star. Kwahiyo drafti moja imetupa wachezaji wawili wa hadhi hiyo na ndani ya miaka saba tumewatoa wote wawili, mmoja kwa sifuri mwingine kwa chaguo moja na mgonjwa.

#6
Mtoa mada umeua. Mimi swali langu ni Spurs wa San Antonio, hao wamelea mtoto wao kama unavyotaka, Wembanyama ana miaka 21, Krismasi kapiga 42 pale Madison Square Garden, anaongoza ligi kwa bloku kwa mbali sana, na wamemchukua De'Aaron Fox bila kutoa mtu wao wa maana. Mbona hujawaweka? Au Texas inakuuma yote?

#7
Mkuu Texas yote inaniuma, Houston pia wako juu yetu, kocha wao Udoka kawageuza wale watoto wanakaba kama wana deni. Ila Spurs nilikuwa nasubiri niwaone Fox na Wemby baada ya mapumziko ndo niongee. Kwangu ile tredi ya Fox ndo iliyokuwa ya akili kuliko zote mwaka huu. Wemby anahitaji mtu wa kasi wa kumfungulia njia, kwa sababu saivi timu pinzani zinamrundikia watu wawili watatu anaishia kurusha mitatu ya mbali kwa hasira. Ukiwa na Fox anayepita, yule beki wa pili lazima aende kwa Fox, na akienda tu mpira uko juu kwa Wemby, na huko juu hakuna mtu mwingine anafika. Na wamefanya yote hayo bila kocha wao Popovich, mzee alipata kiharusi Novemba, Mitch Johnson ndo anashika. Nawapa miaka miwili. Nawaogopa.

#8
Narudi tena, leo ni tarehe 20, nilikuwa nasubiri mechi zianze nimekutana na habari. Wembanyama amekutwa na damu imeganda kwenye bega la kulia, msimu wake umeisha. Miaka 21.

Aliyeuliza Spurs hapo juu sijui niseme nini. Kacheza na Fox mechi za kuhesabu kwenye vidole. Hii sio goti, hapa unawaza mtu kwanza, mpira baadae. Wanasema imegundulika mapema na wanategemea atapona, basi hilo ndo la muhimu. Sina uchambuzi leo.

#9 (yule wa Lakers)
Dogo apone jamani, hilo halina timu. 

Mtoa mada, tarehe 25 mnakuja nyumbani kwetu. Utaangalia?

#10
Siangalii.

#11
Sawa.

#12
Niliangalia.

Nilijiambia naangalia robo ya kwanza tu nijue hali ya Kyrie Irving wetu halafu nalala. Davis yuko kwenye suti, Gafford suti, Lively suti, benchi letu lilikuwa limependeza kuliko timu. Luka anatoka kwenye mlango na jezi ile ya njano na mimi naona namba 77 na ubongo unakataa, ni kama kumuona mzazi mwenzako kwenye harusi ya mtu kakaa na familia nyingine na watoto wako wanamfurahia. Kwenye mechi yake ya kwanza na Utah kumbe hata Dirk alikuwepo, kasafiri mpaka Los Angeles kukaa pembeni ya uwanja kumuangalia dogo wake. DIRK. Mtu ambaye sanamu yake iko nje ya uwanja wetu, ile ile ambayo mashabiki walienda kuandamana pale na jeneza siku ya tredi.

Mitatu ya Luka ilikuwa haiingii usiku ule, unaona kabisa anataka sana, anarusha kwa nguvu, chuma. Lakini ribaundi 15, asisti 12, pointi 19. Kuna pasi moja, anaenda kushoto amezungukwa, macho yote kona ya kulia, mpira unatoka chini ya kwapa unaenda kushoto kwa mtu ambaye mimi nyumbani kwenye kioo kikubwa nilikuwa sijamuona. Hiyo pasi nimeiona mara elfu, nimeiona tukiongoza, nimeiona tukiwa nyuma 20. Sijawahi kuiona ikitumaliza sisi.

Kyrie kapambana mpaka aibu naona mimi, pointi 35, yuko peke yake, anapiga zile za ubao kwa mkono wa kushoto katikati ya watu watatu. Tulikuwa karibu. Halafu robo ya nne LeBron akaona muda wa kulala umefika akaimaliza mwenyewe. 107-99.

Mkuu wa Lakers najua unachotaka kuuliza kwahiyo nakujibu kabla. Nilikuwa nimevaa fulana ya Mavs. Ile pasi ilipotoka nilipiga kofi, mara moja, kabla sijakumbuka.

#13
Sijauliza kitu kaka.

Na bado hatuna senta.